Mama Muganga Aliyekula Nasi

Alipokuja nyumbani kwetu mara ya kwanza hakuleta dawa, wala karatasi, wala ushauri. Alileta njaa. Mke wangu, Mama Neema, alikuwa amemwambia kanisani kwamba sukari yangu imepanda tena, na kwamba ile orodha ya vyakula niliyopewa kliniki nimeikunja na kuitia chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Alhamisi jioni akabisha hodi kwetu Sydenham, hapa Durban, akavua viatu mlangoni, akaketi mezani kama mtu aliyealikwa.

"Bon," akasema, yaani haya kwa Kifaransa cha kwetu. "Munakulaka nini hapa?"

Mama Neema aliona haya kidogo, lakini akapakua kilichokuwapo: fufu nyeupe, yaani ugali, nyama ya kukaanga inayoelea kwenye mafuta, na soda ya machungwa. Mgeni akala vyote. Hakukunja uso, hakutikisa kichwa, hakunitazama kwa jicho la kliniki. Alipomaliza akanawa mikono, akasema nyama ilikuwa tamu na kwamba Alhamisi ijayo atarudi.

Akarudi. Akarudi na iliyofuata. Wiki ya nne aliuliza kama anaweza kuja na fungu la lenga-lenga, ile mboga ambayo Watanzania wanaiita mchicha, kwa sababu ameiona sokoni ikiwa changa sana akashindwa kuipita. Tukala lenga-lenga pamoja na nyama. Baadaye yakaja maharagwe, kisha viazi vitamu, kisha unga wa dona badala ya ule mweupe. Hakuwahi kuondoa kitu mezani petu. Aliongeza tu, akaongeza, mpaka vile vya zamani vikakosa nafasi. Miezi sita ikapita kabla sijatambua kwamba ninatibiwa.

Sote tulimwita Mama Muganga. Kwetu Kivu, mashariki ya Kongo, muuguzi wa hospitali tunamwita muganga, naye alikuwa muuguzi miaka mingi kabla ya kufika Durban, ambako vyeti vyake havikumfungulia mlango hata mmoja, akawa anasuka nywele saluni karibu na ufukwe. Jina hilo lilimletea vituko. Mtanzania mmoja, muuza viatu, aliposikia kuna mganga saluni akamfuata akitaka dawa ya kumrudisha mke aliyeondoka. Mama Muganga alimsikiliza mpaka mwisho huku vidole vikiendelea kusuka.

"Mulikuwa munakula pamoja?" akamuuliza.

"Hapana, Mama. Mimi nilikuwa narudi nyumbani nimeshakula."

"Basi anzia pale. Hakuna malipo."

Sijui kama mke alirudi. Najua tu kwamba yule bwana alihadithia jambo hilo kila mahali kwa mshangao, kama mtu aliyekwenda kununua kiatu akapewa mguu.

Alhamisi ilikuwa siku yetu. Siku nyingine alikuwa na nyumba nyingine. Tulikuwa wazee wapatao kumi, Wakongo na Warundi, wa makanisa mbalimbali, kila mmoja na sukari yake au presha yake. Wapo waliolinda magari kwenye maegesho, wapo washonaji, nami nilikuwa fundi wa simu katika kibanda kimoja mjini. Sote tulikuwa tumeshawahi kubadilisha chakula. Hilo ndilo alilolielewa yeye na ambalo kliniki hawakuwa na muda wa kulielewa. Kubadilisha si kazi. Kila mmoja wetu aliwahi kubadilisha kwa wiki mbili, tena kwa fahari, akamhubiria jirani, kisha siku moja ya mvua akarudi kwenye chipsi na kuona aibu mno kuanza tena. Sisi tulishindwa kwenye kudumu.

Kwa hiyo mtu akimjia na majivuno, "Mama, jana sikugusa sukari hata chembe," yeye alijibu, "Siku moja nzuri ni ya bure. Mimi nataka mwaka." Na mtu akimjia ameinamisha kichwa kuungama, alimuuliza jambo moja tu: ni saa ngapi. Saa saba mchana, Mama. "Bon. Saa moja jioni iko chakula kingine." Basi, yamekwisha. Nilimsikia akilisema hilo mara nyingi, na kila mara niliona mabega ya mzee fulani yakishuka, kama mtu aliyetuliwa gunia.

Katika mambo mengine yote hakuwa na subira hata kidogo. Aligombana na madereva wa taksi, alikata simu kabla hujaaga, alimwambia mchungaji mbele ya watu kwamba mahubiri yake yamechacha. Lakini mzee wa Kirundi aliyezoea chai ya vijiko vinne vya sukari, Mama Muganga alimsubiri mwaka mzima apunguze, kijiko kimoja baada ya kingine, na hakumharakisha kwa neno. Tena yeye mwenyewe, kila Jumapili baada ya ibada, aliketi kwenye ngazi za kanisa na kunywa chupa ya soda nyeusi, mbele ya macho yetu sote. Tukalalamika. Mimi ndiye niliyesukumwa kwenda kusema.

"Mama, hii ni haki kweli?"

Akainua chupa akaitazama dhidi ya jua. "Hii nimeikusudia tangu Jumatatu, Papa Neema. Nyinyi munakunywa bila kujua kama munakunywa."

Usidhani alikuwa mtu wa kudharau hospitali. Palipotokea mzee mmoja kutangaza kwamba kwa sababu anakula vizuri ameacha vidonge, Mama Muganga alimfuata mpaka chumbani kwake, akakitoa kile kifuko cha dawa chini ya godoro, akasimama mpaka ameze. "Chakula hakigombani na vidonge," alimwambia. "Weye ndiye unagombana."

Jumamosi alitupikisha. Alitukusanya kwenye jiko la kanisa, akatufungia aproni, akatugawia visu. Hoja yake ilikuwa fupi: mwanamume asiyeweza kujipikia, mkewe akisafiri wiki mbili, ataokolewa na nani? Wake zetu walicheka kwanza, kisha wakakasirika, maana kwao ilikuwa kama tumewashitaki kwamba hawatulishi. Aliwaendea mmoja mmoja. Sijui aliwaambia nini, lakini Mama Neema alirudi siku moja akanikabidhi sufuria ya maharagwe, akaketi na kuinua miguu juu ya kiti. "Mama Muganga amesema Jumanne ni zamu yako," akasema. Nilikuwa na miaka hamsini na minane na sikuwahi kupika hata uji.

Tulijifunza pia kununua. Alitupeleka soko la Warwick asubuhi mapema, wazee wazima na mifuko yetu, wauzaji wa Kizulu wakituchungulia kwa kicheko. Alitufundisha kuvunja bua la mboga na kusikiliza linavyolia. Alitufundisha amadumbe, yale magimbi ya huku, ambayo tulikuwa tumeyapita miaka yote kama mawe. Alituonyesha kwamba sombe na ndagala za nyumbani, kisamvu na dagaa kwa Watanzania, mafuta yakiwa ya kiasi, ni chakula ambacho kliniki ingetuandikia kama wangekijua. Hapo ndipo wengi wetu tulipolainika. Tulikuwa tumedhani tunaombwa kula kama Wazungu.

Jambo jingine alilotufanyia lilikuwa kutuoanisha wawili wawili. Kila mzee alipewa mwenzake, na kila jioni mmoja ampigie mwingine aseme amekula nini. Si kuhesabiana dhambi, alisema, ni kupiga stori tu. Mimi nilipewa Papa Fundi, mwashi mstaafu wa Bujumbura, mtu mpole mwenye viganja kama kokoto. Alipenda kueleza chakula chake kwa utaratibu, kama anajenga ukuta: chini dona, juu yake mboga, pembeni samaki.

Hapa lazima niseme habari yangu, maana bila hiyo utanidhania mwanafunzi mwema.

Mwaka wa pili macho yalianza kunisumbua. Skrubu za simu ni ndogo kama chembe za mtama, nami nikawa naziona mbili mbili, kisha siku nyingine sizioni kabisa. Niliogopa, na woga ule, badala ya kunirudisha kwenye maharagwe, ulinirudisha kwenye bani, ule mkate wa nusu uliotobolewa katikati na kujazwa kari, unaouzwa mlango wa pili kutoka kibandani kwangu. Nilijiambia kama nitapofuka, basi nipofuke nimeshiba. Miezi mitatu nilikula bani mchana na chipsi jioni, na kila jioni nilimwambia Papa Fundi, "Leo maharagwe, ndugu yangu. Maharagwe na lenga-lenga."

Siku moja mchana Mama Muganga akaingia kibandani, kioo cha simu yake kimepasuka. Mkate ulikuwa mbele yangu, kari imenitiririka mpaka kwenye kiwiko. Hapakuwa na pa kuuficha. Akautazama. Akaweka simu mezani, akanyoosha mkono, akamega kipande upande ambao sikuugusa, akachovya, akala.

"Tamu kabisa," akasema. Na kweli alimaanisha. Akajifuta vidole. Kisha akauliza kwa sauti ileile ya kawaida, "Jioni utamwambia Papa Fundi nini?"

Hakungoja jibu. Akatoka, akaacha simu yake.

Jioni nilimpigia Papa Fundi nikamwambia yote. Nilitaja bani, nikataja chipsi, nikataja miezi mitatu. Nikaitoa simu sikioni nikaangalia kama salio limekwisha.

"Papa Neema," akasema hatimaye, "wiki iliyopita binti yangu alipika wali na nyama ya mbuzi. Nyumba nzima ilinukia. Mimi nikala mboga. Nilisema, kama Papa Neema na macho yake yale anaweza, mimi nani nishindwe?"

Kisha, amini usiamini, akaanza kucheka, kicheko cha polepole kilichopanda kama maji kwenye sufuria, akacheka mpaka akakohoa. "Eish! Umenifanya mtakatifu bure!" akasema. "Bon, kesho tunaanza tena. Lakini sasa mimi ndiye nitakuwa wa kwanza kupiga." Kuanzia siku ile sikumdanganya tena. Macho yangu hayakurudi kuwa ya kijana, lakini daktari alisema ubovu umesimama, na skrubu naziona mpaka leo, nikivaa miwani na kuwasha taa.

Simu ya Mama Muganga nilimtengenezea, naye hakurudia jambo lile kamwe, si kwangu wala kwa mtu mwingine.

Lakini ukitaka kujua alikuwa mtu wa namna gani, sikiliza ya Papa Direkta.

Alikuwa mkuu wa shule kule Kivu, ndiyo maana tulimwita hivyo, na huku alilinda magari kwenye maegesho ya ufukweni, akivaa suruali iliyopigwa pasi chini ya ile fulana ya kung'aa ya walinzi. Jumamosi moja Mama Muganga alimwambia anakata vitunguu vinene mno. Papa Direkta akaweka kisu chini. Nadhani hakikuwa kitunguu. Ilikuwa miaka yote ile ya kuamrishwa na watu wa kila aina.

"Mama," akasema mbele ya jiko zima, "kule kwetu weye ulikuwa unaosha vitanda vya bagonjwa. Leo unataka kufundisha banaume kula?"

Mama Muganga hakupandisha sauti. "Kweli, niliviosha," akasema. "Vilikuwa visafi."

Papa Direkta akavua aproni akaondoka. Hakurudi mwezi ule wala mwaka ule.

Kisha ikawa siku moja Mama Muganga anapita kwenye maegesho kwenda saluni, akasimama ghafla. Alitusimulia baadaye kwamba alinusa kidonda kabla ya kumwona Papa Direkta. Kidonda cha sukari kina harufu yake, na muuguzi aliyeijua haisahau. Papa Direkta alikuwa amesimama kwenye lami ya moto, viatu vimefungwa kamba barabara, akitabasamu kwa wenye magari. Mama Muganga akamwamuru aketi ukingoni mwa barabara na avue kiatu. Mzee akakataa. Mama akapiga magoti mwenyewe, pale pale mbele ya watu, akafungua kamba.

Hospitalini walikata vidole viwili, na wakasema kidonda kisipopona vizuri itafuata nyayo, pengine mguu. Papa Direkta aliishi peke yake kwenye chumba kimoja kule mjini. Miezi minne, kila asubuhi kabla ya saluni, Mama Muganga alipanda taksi kutoka Sydenham akaenda kumwosha mguu ule, kuusafisha na kuufunga kwa bandeji safi kama kliniki walivyoagiza. Na alibeba chakula cha wawili. Papa Direkta mwenyewe ndiye aliyenieleza, miaka baadaye, kwamba wiki tatu za kwanza hakumsemesha. Alishindwa. Mama Muganga aliuosha mguu, akanawa, akafunua bakuli mbili, wakala wote wawili, akaondoka. Wiki ya nne ndipo Papa Direkta aliposema neno la kwanza, nalo lilikuwa, "Chumvi iko kidogo."

"Iko kidogo makusudi," akajibiwa.

Mguu ukabaki. Jumamosi moja tukamwona anaingia jikoni kwa fimbo, amepiga pasi suruali yake kama kawaida. Hakusalimia mtu. Akavaa aproni, akavuta beseni la amadumbe, akaanza kumenya. Mama Muganga akapita nyuma yake, akachungulia begani. "Unamenya nene sana," akasema, na Papa Direkta akainamisha kichwa juu ya beseni, mabega yakatikisika, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka. Nadhani hata yeye hakujua.

Nimewahi kukutana na watu wenye vyeo na watu wenye imani kubwa. Sijakutana na mwingine anayeweza kupiga magoti mbele ya mtu aliyemtukana bila kumfanya ajione amesamehewa. Jambo lile bado linanishinda.

Sisemi hakukosea. Alikuwako mpiga gitaa wa kanisa, mzee mcheshi kuliko sote, na Mama Muganga alimpenda waziwazi. Yule alifariki kwa kiharusi tukiwa bado tunasubiri zamu yake ya kupika. Baada ya mazishi, kwa mara ya kwanza, Jumamosi ikapita bila Mama Muganga kutokea. Nilikwenda kwake nikamkuta ameketi kitandani na koti lake, redio inazungumza peke yake.

"Wote niliwaongezea mpaka vya zamani vikakosa nafasi," akaniambia. "Yule nilimwachia vya zamani, kwa sababu alikuwa ananichekesha. Hilo ni kosa langu, Papa Neema. Usiniambie si langu."

Sikumwambia. Tulikaa. Jumamosi iliyofuata alikuwa mlangoni kabla yetu sote, na kwa miezi kadhaa alikuwa mkali kidogo kuliko zamani.

Hatimaye magoti yalimshinda, saluni akaiacha, akahama Sydenham. Tulisikia amepata kazi ya kulea mgonjwa, lakini tulipompigia alikata simu kabla hatujamaliza kumsalimu, kama kawaida yake. Jumamosi ziliendelea bila yeye. Papa Direkta ndiye anayezisimamia sasa, naye ni mkali wa vitunguu.

Mwaka huu mteja mmoja wa Morningside alinitumia simu ya baba yake ili nitoe picha zilizokwama ndani, akaniomba niirudishe kwa mzee mwenyewe, nyumbani kwake. Nilifika karibu na saa sita mchana. Nikapitishwa mlango wa nyuma, na aliyesimama jikoni, nywele nyeupe zote, amekonda, mkono mmoja ameshika ukingo wa sinki, alikuwa yeye.

Alinitazama kuanzia viatu mpaka miwani. "Papa Neema. Umepungua tumbo."

"Na weye, Mama, umepungua wote."

Akacheka. Mzee anayemlea alikuwa Mzungu, mhandisi wa reli zamani, kiharusi kimemnyang'anya maneno. Alipofika kazini, alinieleza, mzee alikuwa amekataa kula karibu kabisa, watoto wake wanamletea maziwa ya kopo. Sasa anakula. Sufuria ilikuwa inachemka: dengu, malenge, majani ya mboga nisiyoijua. Nikamsaidia kuishusha, kwa sababu mikono yake ilitetemeka.

Nilikuwa nimelibeba swali lile miaka mingi, na niliona huenda sitapata siku nyingine. "Mama," nikasema, "juu ya nini ulitufanyia vile vyote? Hatukuwa ndugu zako. Wengine tulikutukana, wengine tulikudanganya."

Nilidhani atataja Mungu, au hospitali ya kule kwetu, au marehemu fulani. Wazee wetu walikuwa na nadharia nyingi. Yeye alifikiri kidogo huku anafuta kijiko.

"Nilifika huu mji peke yangu," akasema. "Miaka miwili nilikula nimesimama, pale kando ya jiko, moja kwa moja kwenye sufuria. Sahani ilikuwako, sikuitoa kabatini. Uitoe kwa ajili ya nani? Kisha kanisani nikawaona nyinyi, banaume wazima, na nikajua kwa kuwatazama tu kwamba na nyinyi munakula hivyo hivyo, hata wenye bake nyumbani. Nikasema, hapana. Tukae chini."

"Ni hilo tu?"

"Iko kubwa, Papa Neema," akasema. "Weye unaiona ndogo?"

Ndani mzee aligonga meza kwa kijiko, mara mbili. Mama Muganga akapakua sahani mbili, akazitazama, akafungua kabati akatoa ya tatu. Nikazibeba mimi. Mzee wa reli alituangalia tukiingia, akanitazama mimi mgeni, kisha akasogeza gazeti lake pembeni kwa mkono ule mmoja unaofanya kazi ili nipate nafasi. Mama Muganga akashika mgongo wa kiti, akajishusha taratibu, akavuta pumzi. Tukala.